Baraza Alilolala Newa

…na sasa huyo tena, kichwa kimeziba tundu la paa la kuingilia, mwanga wote umekatika, huyu Harsu, wifi asiyejua kushuka ngazi bila kutangaza kwanza, "Wifi Zidra! Watu wanangoja huku juu, tumlete baba au tusimlete?" na Zidra amepiga magoti mbele ya baraza, mkono mmoja umelowa udongo mweupe, mwingine umeshika jiwe la kulainishia, anajibu bila kuinua macho, "Baraza bichi, nimekwambia," bichi kweli, kalimwagia maji mwenyewe alfajiri aliposikia mkwewe mzee Wanti kakata roho, sasa angefanyaje, kijiji kizima kina mabaraza ya kuzikia watu chini yake, nyumba zimebanana hata ukipiga chafya jirani anakupa pole, lakini wapi, lazima azikwe hapa, mzee kazaliwa humu, babu zake wamelala humu, haya, wamelala, na nani anawafagilia, nani anawasiriba, Harsu?, Harsu ambaye toka aolewe nyumba ya tatu huko akija analeta mdomo tu… "Mwaka huu umelisiriba hilo mara ngapi, wifi? Mara nne! Wenzio mara moja!" … "Moshi," anasema Zidra, "huoni moshi ulivyo?" moshi!, hata yeye hajiamini akisema, maana chini ya udongo huo yuko Newa, binti yake, aliyekufa kwa homa hajatimiza miaka mitatu, na kila tabaka alilompaka lilikuwa nguo ya kumfunika, basi, nani asiyemfunika mwanawe majira ya baridi, na anajua watakavyochimba, ameshaona kwa jirani, wanaume wanashuka na pembe za kulungu, wanacheka, wanajikwaa kwenye vikapu vya dengu vya watu, "Msogeze huyo," "Nani huyu?" "Sijui, kadogo hivi," na mifupa inasukumwa pembeni kama makapi ya ngano ili mkubwa apate nafasi, hapana, hapana jamani, wamzike kwa Harsu, wamzike kinamasini na vyura… "Au unamkataa baba?" Harsu sauti imekatika, analia sasa, na kilio chake nacho kinaudhi kwa sababu ni cha kweli, "Yule aliyemzika mwanao kwa mikono yake, Zidra?" … kwa mikono yake, ndiyo, hilo ndilo hajamsamehe, yeye homa ile ile ilikuwa imemlaza, mume yuko na kondoo milimani, na mzee hakumngoja hata apate nguvu za kuketi, alichimba, akafukia, akaja kumwambia, "Nimemlaza vizuri, mwanangu," na yeye akageukia ukuta, hakumuuliza neno, miaka miwili hakumuuliza, wanakula chungu kimoja hakumuuliza, na kila jioni anaweka kiganja hapa, upande wa ukutani, anamwimbia kichwani pake… kichwani?, nani kamwambia kichwa kiko huku?, mzee alimlaza kichwa ukutani au tanurini?, kulia au kushoto?, Zidra hajui, lo!, miaka miwili pengine anabembeleza nyayo, na aliyejua yuko juu ya paa kafungwa kwenye mkeka, mzee mkaidi, angesema!, na yeye Zidra angeuliza, mdomo ulikuwa wake, hasira ilikuwa yake, mpumbavu weee… mkono bado uko kwenye udongo, hausogei, Harsu bado anavuta kamasi juu ya ngazi, "Wifi, nijibu basi, jua linapanda," na Zidra anaona aibu, halafu anaona kitu kingine, hamu, hamu ya kumwona, ya kujua tu amelalaje, na hofu palepale, "Wanaume wasishuke," anasema, na sauti inamshangaza mwenyewe, "hata mmoja, unanisikia Harsu? Nishushie pembe ya kuchimbia. Newa nitamsogeza mimi, kisha baba aletwe."