Bwana Tước kwenye Ngoma ya Sifa

Mama yangu, Bi Nhuần, hakuwa ameimba mbele ya watu kwa miaka thelathini na minne. Wazee wa kijiji walipokuja kumwomba aimbe siku ya sherehe, alikaa siku tatu bila kuwajibu, akitafuna tambuu na kunikaripia kwa kila kitu. Siku ya nne akavitoa uvunguni mwa kitanda vibao vyake vya mianzi vya kugongea mapigo, akasema, "Thắm, nipigie pasi ile nguo ya kahawia."

Tulifika asubuhi kwenye ukumbi wa kijiji. Mkeka ulishatandikwa, na mpiga zeze alishakaa. Nyuma ya ngoma ya sifa, kifua mbele, alikuwa amekaa Bwana Tước.

Katika uimbaji wetu, ngoma ile haipigwi na mwanamuziki. Hupigwa na msikilizaji anayejua. Mstari ukiimbwa vizuri, anausifu kwa ngoma. Ukiharibika ananyamaza, na ukumbi mzima unajua. Hapo hakai mtu hivi hivi.

Na Bwana Tước ndiye aliyeingia kwetu nilipokuwa na miaka minane, kofia ya kiongozi wa vijana wa mapinduzi kichwani, akatangaza kwamba nyimbo za mama ni uchafu wa mabwana wenye ardhi. Aliipasua ngozi ya ngoma yetu kwa mundu. Zeze la baba alilivunjia gotini. Baba hakushika zeze tena mpaka anakufa.

Nilimvuta mama mkono. "Turudi nyumbani."

"Niache. Nimekuja kuimba."

Akaketi, akagonga vibao, akaanza. Sauti ilikwaruza kidogo, kisha ikafunguka. Mwisho wa mstari wa kwanza Bwana Tước akapiga mara tatu. Kwenye mstari wa pili mama aliikata pumzi mahali pagumu, mahali ambapo baba peke yake ndiye aliyekuwa akipatambua. Ngoma ikalia papo hapo: pigo moja, jepesi, sawasawa kabisa.

Mama akaacha kuimba.

"Nani alikufundisha kupiga hapo?"

Bwana Tước akatabasamu. "Aa, mambo ya zamani hayo. Endelea kuimba, dada yangu."

"Mimi si dada yako. Nimekuuliza, nani alikufundisha?"

"Hakuna. Ujana wangu nilikuwa nasimama nyuma ya ua wenu, nawasikiliza wewe na marehemu. Kila jioni." Alilisema hilo kama anayempa zawadi.

Mama alivibwaga vibao chini. "Kumbe ulijua! Miaka yote hii najiambia, yule mjinga tu, hajui alichokivunja. Ungekuwa mjinga ningekuvumilia. Kumbe ulijua, na bado ukapasua!"

"Zilikuwa amri, Bi Nhuần. Nyakati zile..."

"Na amri ilikwambia ucheke? Ulicheka, Tước! Mwanangu huyu hapa alikuona!"

Mzee mmoja akaingilia, "Jamani, leo sherehe, tusitiane aibu."

"Aibu ni yake. Inuka hapo!"

Bwana Tước alitazama huku na huku akitafuta wa kumtetea. Watu wakawa wanaangalia vikombe vyao vya chai. Akakiweka kijiti chini, akainuka kwa taabu, akatoka.

"Thắm, kaa kwenye ngoma."

"Mama, mimi sijui vizuri."

"Nimesema kaa!"

Nilikaa, nikakiokota kijiti kwa hasira. Nilipiga kabla ya wakati, nikapiga palipotakiwa kimya. Nyuma kuna mtu alicheka. Mama hakunitazama. Aliimba nyimbo tatu mfululizo, mishipa ya shingo imemsimama, kama anamgombeza kila aliyekuwa mle ndani.

Tulipotoka tulimkuta Bwana Tước kwenye ngazi, kofia mkononi, macho mekundu.

"Bi Nhuần, nisamehe."

"Kwangu na kwako ni hatua mia mbili," mama alisema. "Kila siku unapita mlangoni kwangu ukienda sokoni. Miaka yote hiyo hukuuona mlango?"

Akatema tambuu kando, akamwacha palepale.

Nyumbani nilimpakulia wali, akausukuma.

"Kesho alfajiri unaanza kujifunza ngoma," aliniambia. "Leo umepiga vibaya mno."

"Yeye alipiga vizuri," nilimjibu, nikajuta palepale.

"Najua," mama alisema, na macho yake yalikuwa bado yanawaka. "Ndiyo maana sitamsamehe."