Nyasi Zenye Mizizi

Kila Ijumaa asubuhi, kabla jua la Doha halijaanza kuchoma watu kama mahindi ya barabarani, Cornelius na Philip walikuwa wanakimbia Bonde la Kerio. Ndio, Kerio ya Kenya. Wao walikuwa walinzi wa kampuni moja, wanalala kambi moja kando ya barabara ya kwenda Al Wakrah, chumba kimoja, kitanda cha juu na cha chini, na huko nje nchi ni tambarare kama chapati. Lakini mtu wa bonde akikosa bonde anajitengenezea. Ule mtaro mkubwa wa zege, usio na hata tone, huo ndio ulikuwa mto. Daraja la miguu juu ya barabara kuu, lenye ngazi za kutoa mtu roho, hapo ndipo unapanda ukuta wa bonde kwenda huko juu kwenye baridi. Na ile bustani upande wa pili, inayonyunyiziwa maji mpaka nyasi zinanona kuliko mbuzi, hapo umefika nyumbani.

"Chunga mamba, wee!" Cornelius alikuwa anapiga kelele wakiruka mtaro.

"Mamba hawawezi kula watu wa kwenu," Philip anamjibu. "Mna mifupa mingi, nyama hakuna."

Watu wa kwenu. Hapo walikuwa wanacheka tu, lakini haikuwa mchezo. Cornelius ni wa upande huu wa mto, Philip ni wa ng'ambo, na hizo pande mbili zimeibiana ng'ombe na kuzikana tangu babu za babu zao. Nyumbani wangekutana kila mtu ana mshale. Doha walikuwa wanapikia sufuria moja.

Siku moja Philip aliunguza ugali wa watu, Cornelius akamfukuza na mwiko mpaka bustanini. Philip akainama, akang'oa nyasi, akainua mkono juu. Cornelius akasimama pale pale, akabaki kucheka na mwiko wake. Hiyo ni sheria inayojulikana huku na ng'ambo, hata wale wanaochinjana wanaifuata: mtu akishika nyasi haguswi. Hata kama amekuulia fahali jana. Ukimpiga, laana haiishi kwako, inakula watoto na wajukuu.

"Jamani," akasema Zuberi, dereva wa Tanga waliyekuwa wanalala naye chumba kimoja, "ina maana ugomvi wenu unaishia malishoni? Nyie watu au kondoo?"

Sasa, Cornelius alikuwa na ugonjwa mmoja: kuongea akikimbia. Kaka yake Eugene alikuwa anapeleka wageni kukimbia kule bondeni, wazungu na wanariadha wa kutoka mjini, na alikuwa amegundua njia mpya. Cornelius akaimwaga yote juu ya lile daraja, jasho likimtoka, macho kama mtu anaota.

"Unashuka pale kwa mawe meupe, unapita chini ya mikuyu, kuna kivuli mpaka unahisi baridi. Halafu kona ya mto, maji hapa magotini, na ng'ombe zetu zote ziko hapo zinakunywa. Tumezificha huko, hakuna mtu anajua. Unakimbia katikati ya ng'ombe, buda! Hakuna njia tamu kama hiyo duniani."

"Hiyo sasa ni njia," Philip akasema. Wakashuka ngazi, wakaenda zao.

Ijumaa iliyofuata Cornelius alikuwa amekaa kitandani akivaa soksi, simu ikalia. Sauti ya dada yake, Jeptoo, imekauka kama mtu aliyemaliza kulia zamani.

"Korne, wamemuua Eugene. Walitoka ng'ambo wakafuata ile njia yake ya kukimbia, mguu kwa mguu, mpaka kwa ng'ombe. Alikuwa mbele ya wageni. Wageni wakalala chini, yeye akasimama aongee na hao wezi. Wamempiga risasi ya shingo. Korne, hiyo njia walionyeshwa na nani?"

Philip alikuwa mlangoni, anafunga kamba za viatu. Alikuwa amesikia kila kitu. Hakuinua kichwa.

"Philip."

Philip akavuta kamba, akafunga fundo la pili.

"Philip, niangalie. Ulimwambia nani?"

"Mdogo wangu. Kwa simu. Na yeye anataka kupeleka wageni kukimbia. Nikamwambia aige watu wa upande wenu, wana njia tamu."

"Na ng'ombe?"

"Nilimwambia vile uliniambia. Yote. Ilikuwa stori tu, Korne, naapa, nilikuwa namsifia..."

Zuberi alikuwa ananyoosha shati lake la kazi. Cornelius alimnyang'anya pasi ikiwa bado moto, waya ukang'oka ukutani, akampiga nayo Philip ya uso. Ngozi ya shavu ilibaki kwenye chuma. Philip alilia kilio kilichoamsha hata Wanepali wa chumba cha tatu. Zuberi akarukia katikati, "Acheni, acheni, mtarudishwa kwenu kwenye maboksi!" akala kiwiko cha mdomo, akakaa chini ametema jino. Philip akafungua mlango akachomoka.

Akachomoka wapi? Hakwenda langoni, kwa walinzi wenzake ambao wangemwokoa. Alishika njia yao ya kila Ijumaa. Na Cornelius akajua mara moja: huyu anaenda kwa nyasi.

Ukweli usemwe, Philip alikuwa na mbio. Lakini mtu anayekimbia na shavu limeungua hapumui sawa, na Cornelius hakuwa anakimbia kwa miguu siku hiyo. Alikuwa anakimbia kwa Eugene. Palikuwa na watu wanachimba bomba kando ya barabara, Ijumaa hawapo, vyuma vyao vimelala. Akaokota kipande cha nondo bila hata kupunguza mwendo. Philip akaruka mtaro. Cornelius hakuruka, aliingia ndani yake na kukimbia chini chini mle kwenye zege, kwa sababu unakatiza kona, na akaibukia mbele, pale kwa ngazi za daraja. Philip akamwona amesimama kwa ngazi na chuma.

"Panda sasa," Cornelius akamwambia. "Si unaenda nyumbani? Panda."

Philip akageuka upande. Akapanda uzio wa kiwanja cha mpira cha watoto, shati likanasa, nyama ikanasa, akaanguka ndani. Kiwanja ni kijani, kijani cha kupendeza. Akatambaa mpaka katikati, akashika kwa vidole vyote, akavuta na meno, kikatoka kishungi, akakiinua juu.

"Nimeshika! Korne, nimeshika!"

Cornelius akatua ndani ya uzio. Akatembea polepole, hakuwa na haraka tena. Akaangalia kile kishungi.

"Hiyo ni kapeti," akasema.

"Korne..."

"Ni plastiki, mjinga wewe. Imetoka kiwandani. Mbuzi hawezi kuila, laana itaijua namna gani?"

Akakanyaga ule mkono. Akaukanyaga tena na kisigino, akiuzungusha, mpaka vidole vikalia kama kuni kavu. Halafu nondo: begani, mbavuni, gotini. Kila pigo alikuwa anasema jina la Eugene, na Philip alikuwa analipokea kama mtu anayeitikia sala. Damu ikashikana na zile punje nyeusi za mpira zinazomwagwa kwenye viwanja vya plastiki. Hakuna hata mtu mmoja aliyepita. Cornelius akainua chuma juu ya kichwa, kwa mikono yote miwili.

Philip hakujikinga. Alifungua lile jicho moja lililobaki linafunguka.

"Nipeleke penye mizizi," akasema. "Ukiniua hapa umeua mtu aliyetafuta nyasi akazikosa."

"Nyamaza."

"Nipeleke tu. Nikishindwa kushika, maliza."

Chuma kilikaa huko juu. Cornelius akamtukana Philip, akamtukana mama yake, akaitukana ng'ambo nzima na ng'ombe zake na mito yake. Halafu akatupa nondo, akamshika ukosi wa shati na kumburuta. Akamtoa kwa geti dogo, akampandisha ngazi za daraja amekaa kitako, moja moja, akisimama kila mara kumpiga teke, kwa sababu hasira ilikuwa bado ipo, usidhani iliisha. Magari yalikuwa yanapita chini. Wakashuka upande wa pili, Philip ameacha mstari wa damu nyuma yake kama mbuzi aliyetoka machinjioni.

Bustani ilikuwa inanyunyiziwa. Cornelius akamtupa kwenye maji na kijani.

"Haya. Ng'oa."

Philip akapeleka mkono. Vidole havikufunga. Vilikuwa vimevimba vinaangalia huku na huku, kila kimoja na njia yake. Akajaribu tena. Akajaribu ule wa pili, bega likakataa. Akaweka mdomo chini, akauma, lakini taya la upande ulioungua halikukaza, nyasi zikateleza zikabaki ardhini.

"Ng'oa!" Cornelius akapiga kelele. "Ng'oa, kabla sijakuua!"

"Siwezi. Mkono umeuvunja."

Cornelius akaangalia huku na huku kama mtu aliyepoteza kitu. Hapo kando palikuwa na mawe ya urembo, makubwa, ya kutosha kummaliza mtu. Aliyaangalia. Kisha akapiga magoti, akachimba na kucha, akatoa fungu zima la nyasi na mizizi yake na tope lake, akalisukuma katika kiganja cha Philip. Vidole vikaliachia. Akalirudisha. Likaanguka tena. Mwisho akavifunga vile vidole vilivyovunjika kwa mikono yake miwili, Philip akipiga yowe, na akavibana hivyo hivyo, kwa nguvu zote, akilia kamasi mpaka kidevuni.

Zuberi, aliyejua njia yao ya Ijumaa, aliwakuta hapo na basi dogo la kampuni, kitambaa mdomoni.

"Mmemalizana?" akauliza. "Korne! Mwachie mkono huyo, tumpeleke hospitali!"

"Siwezi kuachia," Cornelius akasema. "Tubebe wote wawili hivi hivi. Nikiachia, ameangusha nyasi."