Injini Tuliyoiunda Sisi

Ijumaa mdogo wangu Oleta, ambaye figo zake zimekufa, hakusafishwa damu kwa sababu ya theluji. Barabara kuu ilifungwa na kliniki yenyewe haikufunguliwa. Kwa hilo sina wa kumlaumu. Theluji haina meneja. Lakini Jumatatu ilikuwa lazima afike, na Jumamosi asubuhi, miguu yake ikiwa imeshaanza kujaa maji, gari la mumewe, Verlin, liliwaka huku likitetemeka kama mgonjwa wa homa.

Nilikuwa mlangoni mwa gereji na kahawa yangu. Ninaishi kwao, chumba cha chini, tangu macho yaharibike nikanyang'anywa leseni ya udereva.

"Inamisi," nikamwambia Verlin.

"Nasikia, shemeji. Masikio bado ninayo."

"Ubovu wa ndani au wa nje?"

"Wa nje. Ndani hakuna ubovu."

Alilisema hilo kabla hajashika hata spana, na najua kwa nini. Mimi na yeye tulifanya kazi kiwanda kimoja, kile cha injini pale mtoni, mpaka kilipofungwa. Tulikuwa na desturi yetu: kila fundi alikuwa na rangi yake, na injini ikipita mikononi mwake aliiwekea alama chini ya mfuniko wa valvu, mahali ambapo bosi hatazami. Alama ya Verlin ilikuwa nyekundu, yenye mkia. Miaka ilipita, akalikuta gari hili kwenye uwanja wa magari yaliyotumika. Akaomba kufungua mfuniko, akauona mkia wake, akalinunua hapo hapo. Hakuuliza limetembea kiasi gani.

Nakumbuka meneja alivyokuwa akitusifu. Injini zenu hazina mfano, alituambia, kiwanda hiki hakiwezi kufa. Nilipanda juu ya kreti nikawaambia wenzangu kwamba sifa hailiwi, tudai maandishi. Walinicheka. Majira ya kuchipua mashine ziling'olewa sakafuni zikapakiwa kwenye malori, na sisi tukaambiwa tuzifute vumbi kwanza. Tukazifuta. Wanaume kama Verlin walitoka pale wakiwa wamebeba ile sifa kama mtoto wa kuasili. Mimi nilitoka na hasira, na mpaka leo sijui nani kati yetu aliibiwa zaidi.

Kikaenda kiwanda, ikaenda kliniki ya kusafisha damu, ikahamia mji mkubwa, mwendo wa karibu saa nzima. Kisha basi la kwenda huko likaondolewa. Nilikwenda kusema kwenye baraza la mji. Walinipa dakika tatu na kengele.

Verlin aliazima kile kifaa cha jirani cha kusoma makosa ya injini. Kikasema silinda ya tatu haichomi. Akaihamisha koili ya tatu, ile inayotoa cheche, kwenye silinda ya pili. Ubovu ukihama, koili ndiyo mbaya. Haukuhama. Akabadilisha plagi. Ikawa vile vile. Akaweka ncha ya bisibisi kwenye nozeli ya mafuta na mpini sikioni, kama daktari. Nozeli ilikuwa inagonga sawasawa na zile nyingine.

"Sasa imebaki kompresheni," nikasema. Geji yake ya kupimia mgandamizo wa hewa ndani ya silinda ilikuwa imening'inia kwenye msumari karibu na kichwa chake.

"Nipime kompresheni ya nini? Kile chuma nimekifunga mimi."

"Ulikifunga ukiwa na nywele, Verlin."

Akacheka kidogo, lakini geji hakuigusa. Ni mipira ya hewa, alisema. Kuna mmoja umepasuka mahali.

Kabla ya adhuhuri akapiga simu Imogene wa kanisani, anayepanga gari la kubebea wagonjwa. Jumatatu alikuwa na kiti kimoja kimebaki.

"Mpe anayekihitaji," Verlin akamjibu. "Sisi tuna gari."

Hivi ndivyo tulivyolelewa mji huu. Ukipewa kitu unasema mpe mwenye shida, hata shida ikiwa imekukalia kifuani. Nilimnyooshea mkono anipe simu, akawa ameshakata. Nilipompigia Imogene mwenyewe, kiti kilikuwa kimekwenda kwa mzee wa mtaa wa pili, na mzee yule hana mwingine wa kumpeleka. Ningemwambia nini?

Jumapili Verlin alishinda akikagua mipira. Oleta alikuwa amelala kitini, kwa sababu akilala chali pumzi haipandi. Hakuruhusiwa kunywa maji, alikuwa akimumunya barafu. Alasiri akatoka na koti juu ya gauni la kulalia, akashikilia fremu ya mlango mpaka akapata pumzi ya kusema.

"Mume wangu, huyo mke mwenzangu hajapona tu?"

"Karibu, mpenzi. Rudi ndani, baridi."

Oleta akapita taratibu, akaitoa geji msumarini, akamwekea mkononi. "Mpime. Mimi napimwa kila wiki na sijavunjika."

Akapima. Silinda ya kwanza, sindano ikapanda vizuri. Ya pili na ya nne, vizuri. Ya tatu sindano ilijiinua kidogo tu ikalala. Akamimina kijiko cha oili kwenye tundu akapima tena; ringi za pistoni zikiwa ndizo mbovu, oili huziba kidogo na sindano hupanda. Haikupanda. Akaingiza hewa kwa pampu ya matairi, nami nikainama nyuma ya gari. Upepo ulikuwa unanitokea usoni kupitia bomba la moshi.

"Valvu ya moshi imeungua," nikasema.

Verlin akachukua spana. Akafungua mfuniko. Ule mkia mwekundu ulikuwepo, safi kabisa.

"Funga, Verlin. Litafika kwa silinda tatu. Litakwenda polepole, litatetemeka, lakini litafika."

"Haliondoki hapa likiwa kilema."

"Nani anayekwenda mjini, gari au mkeo?"

"Nakifungua kichwa cha injini, naisaga valvu, nafunga. Nimefunga maelfu ya hivi, shemeji."

Maelfu alifunga kweli, lakini vyuma vilikuwa vipya, na kila fundi alikuwa na wenzake kushoto na kulia. Boliti ya kwanza ilitoka, na zilizofuata. Ile ya pembeni ilikuwa imeshikwa na kutu. Akaongeza bomba kwenye spana apate nguvu, na ikakatika ndani. Mlio wake ulikuwa mdogo, lakini bila boliti hiyo kichwa hakingefungika tena. Verlin akaketi juu ya ndoo, akaangalia kipande kilichobaki mkononi.

Usafiri wa bima unataka uagizwe siku tatu kabla. Majirani wenye magari wote huingia kazini ghalani alfajiri, na ghalani ukikosa zamu unafukuzwa. Niliwauliza mmoja mmoja. Waliona aibu, nami niliona aibu kwa ajili yao.

Jumatatu asubuhi Oleta alivaa, akachukua blanketi lake na mkoba wa kliniki, akaingia garini akafunga mkanda. Boneti ilikuwa wazi, kichwa cha injini kipo sakafuni juu ya gazeti.

"Toka, mpenzi," Verlin akasema. "Tafadhali."

"Nimekaa. Niache."

Nikapiga simu kliniki, wakasema hawana gari la kumfuata, kisha namba ya dharura. Msichana aliyepokea alikuwa na adabu.

"Anapumua, mama?"

"Kwa shida."

"Anaongea?"

"Anaongea."

Akasema ambulensi zote ziko kwenye ajali za theluji, wanaoongea watasubiri. Akizidiwa nipige tena.

Oleta alikuwa ameshusha kioo, amesikia yote. Akanyoosha mkono akanishika kiganja. Vidole vyake vilikuwa vimevimba mpaka pete imezama.

"Basi dada," akasema, "acha ninyamaze."

Akafumba macho. Verlin alikuwa amepiga magoti mbele ya gari, akijaribu kuitoa ile boliti kwa koleo.