Tope la Kiangazi

Mama mkwe alipoteleza kwenye alama ya mguu wa mbwa pale koridoni hakuumia, ila mke wangu alitoa hukumu papo hapo.

"Mpaka Ijumaa jioni huyo Bosi awe anafuta miguu mlangoni. Nikikuta tope hata la ukubwa wa kifungo, anahamia kwa kaka yangu."

Kwa shemeji mbwa anafungwa mnyororo mchana kutwa. Bosi wetu amezoea kulala miguuni pangu, mwaka wa nne huu. Nikaomba likizo ya siku tano.

Somo lenyewe si gumu. Unamsimamisha kwenye kizulia, unasugua mguu mmoja mmoja, unasema "Futa!", anapata kipande cha biskuti. Jumatano alikuwa anafuta mwenyewe, yote minne, kama mtu anayezima kipisi cha sigara.

Kilichonitia shaka ni tope. Mvua haijanyesha wiki ya sita hii, ua wote vumbi, na bado Bosi analeta miguu iliyolowa mara nane, mara kumi kwa siku. Linatoka wapi? Nani ana faida mbwa akichafuka? Nikamtazama mama mkwe. Anamwagilia maua yake asubuhi na jioni, halafu akiniona anatabasamu. Tabasamu gani hilo?

Mimi ni mpima ardhi, sibishani bila vipimo. Nikachukua futi, nikafuata alama kutoka mlangoni. Mita tisa na nusu, moja kwa moja mpaka kwenye tuta la maua. Ala!

"Mkwe wangu," akaniita dirishani, "unanikatia kiwanja?"

"Napima tu, mama."

"Pima. Ila kama unadhani namwaga maji ili mbwa wako afukuzwe, sema. Usizungukezunguke kama inzi."

Nikaona aibu, lakini shaka haikutoka. Amejuaje ninachowaza?

Alhamisi nikajibanza nyuma ya tangi la maji. Mama mkwe akamwagilia, akaingia ndani. Bosi akainuka kivulini. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akaenda kwenye tuta, akachovya mguu mmoja, akachovya wa pili, akajigeuza akachovya ya nyuma. Kisha mbio mpaka kwenye kizulia. Akafuta yote, akakaa, akasubiri biskuti yake.

Lo! Mwalimu nilikuwa mimi. Nilikuwa namlipa achafuke.

Biskuti nikazikata siku hiyo hiyo. Lakini bila biskuti atafuta? Sikujua, na Ijumaa ilikuwa kesho.

Ijumaa jioni mke wangu akarudi kutoka kazini, akasimama koridoni, mikono kiunoni. Nikafungua mlango. Bosi yuko kwenye kizulia, tope mpaka vifundoni, macho kwenye mfuko wangu. Nikaugeuza nje: hamna kitu. Akafikiri. Akafuta mguu wa kwanza, wa pili, wa tatu, akaona inatosha, akaingia zake. Wa nne ukapiga muhuri kwenye kigae cheupe.

Kabla mke wangu hajainama kukagua, mama mkwe akapita mbele yetu, akasimama hapo hapo na ndala zake pana.

"Mimi naona pasafi," akasema.

"Mama, mbona umeganda hapo?"

"Nanyoosha mgongo. Nenda kabadilishe nguo, mwanangu."

Mke wangu akamtazama kwa muda, akanitazama mimi, akaenda. Mama mkwe hakuinua mguu.

"Leta kitambaa," akaninong'oneza. "Na haraka, mkwe, anarudi huyo."