Mlinzi wa Viatu

Tangu shehe amweke Twahiri kulinda viatu mlangoni mwa msikiti, Papa Hamidi hakusali tena kwa utulivu. Mtu aliyefungwa kwa kuiba mashine ya boti, leo anakabidhiwa viatu vya waumini. Fisi kapewa bucha, njo hivyo.

Ijumaa hii Hamidi alikuja na viatu vipya vya Kigoma, na kila aliposujudu alichungulia mlango chini ya kwapa. Swala ilipokwisha akawa wa kwanza kutoka. Viatu vyote vilikuwapo. Lakini Twahiri alikaa kama aliyeficha kitu, jasho likimtoka.

“Umekalia nini?”

“Mikono yangu, Papa. Tribinali ilinihukumu, shehe ameniamini. Mimi mwenyewe, bado.”