Mchuzi wa Kamati

Akongo alikuwa amekaa chini nje ya ofisi ya tarafa, gombolola ya Paya, tangu asubuhi, na njaa ilikuwa inamuuma. Ndani, kamati iliyotoka Tororo ilikuwa inajisomea sheria. Uhuru ulikuwa bado mchanga, na sheria mpya ilisema mkuu wa gombolola hafukuzwi hivi hivi: sharti mlalamikaji asimame mbele ya kamati, aseme kwa kinywa chake. Wanaume waliolalamika kwa kelele sokoni wote walikuwa wameingia mitini. Alibaki yeye, mjane, na maksai wake wa kulimia ambaye Mkuu Rasto alimwazima kwa siku mbili akakataa kumrudisha. Mvua zilikuwa karibu. Bila maksai hakuna shamba, na watoto wangelala njaa.

Wakati wa chakula kamati ikatoka, matumbo mbele. Rasto, mtu wa kufukuzwa kazi, ndiye aliyewanawisha mikono, ndiye aliyepakua. Hawakuona haya hata kidogo, walimsifia mchuzi.

"Mama, karibu," Rasto akamwita. "Utasema kesi namna gani na njaa?"

"Mimi nangoja kusikizwa, mzee."

"Utasikizwa. Kula kwanza," akasema Bwana Osborn, mwenyekiti, mdomo umejaa.

Akala. Nani angekataa?

Osborn akajifuta midomo. "Haya, Mama Akongo. Kwa desturi yenu, watu wenye ugomvi wanakula pamoja?"

"Hapana. Mpaka wapatane."

"Na wewe umekula chakula cha Mkuu?"

"Nimekula kwa sababu nyinyi mumeniambia."

"Amekula," Osborn akamwambia karani. "Andika wamepatana. Hakuna mlalamikaji, hakuna kesi."

"Na maksai yangu?"

Wazee wazima, suti na tai, wakaanza kuchokoa meno. Rasto ndiye aliyejibu, kwa upole wa mtu aliyeshiba.

"Ngozi iko nyuma ya jiko, mama. Peleka nyumbani, watoto walalie."

Ilikuwa imewambwa chini kwa vigingi, bado mbichi. Begani palikuwa na lile baka ambapo nira ilimaliza manyoya, baka alilokuwa akilipaka samli kila jioni ya kulima. Akongo akainama akatapika. Kisha akachuchumaa, akaanza kung'oa vigingi, kwa kuwa watoto walikuwa wanalala kwenye udongo.

Mbele ya ofisi, dereva alikuwa anapakia paja zima kwenye Landrova, la mwenyekiti.