Mshenga Asiyejua Kukataliwa

Usiku wa jana niliota nimeketi mkekani, ndani ya mwili wangu mwenyewe, nimeitwa kama mjomba wa bibi harusi. Sikushangaa. Jioni binti yangu Tunu alikuwa amenieleza kazi yake ya chuoni: wanaifundisha kompyuta ibashiri RNA ipi na protini ipi zitashikana. "RNA ni uzi unaobeba maagizo mwilini, baba. Protini ndio mafundi." Nikamaliza ugali wangu, nikalala.

Bibi harusi ni uzi. Amejiviringisha pembeni, anatetemeka.

"Mjomba, nimebeba agizo la ukucha wako," ananinong'oneza. "Ule wa dole gumba la mguu, uliong'oka ulipoangukiwa na jiwe la kusagia. Nikiozwa huyu, ukucha hauoti tena."

Namtazama bwana harusi. Protini mnene, amejikunja kama kilemba cha mtu mwenye haraka. Mfuko wa kanzu umetuna. Ncha ya mkasi inachungulia.

"Mkasi wa nini, bwana?"

"Wa keki."

Keki yenyewe sikuiona. Mshenga wao ni kompyuta, imevaa kofia ya viua, iliyodariziwa kama ya mzee wa harusi. Inanisogezea sinia ya posa iliyofunikwa kitambaa.

"Watashikana. Tisini na tisa kwa mia."

"Na uzi huu na kandambili yangu?"

"Tisini na tisa."

"Mbuzi na kitasa?"

"Tisini na tisa. Hongera zao."

Hapo nikajua kuna namna. "Wewe, ushenga ulifundishwa na nani?"

"Nimeonyeshwa ndoa, maelfu kwa maelfu."

"Na posa zilizokataliwa?"

Feni yake inalia. "Kukataliwa ni nini?"

Loo! Kumbe wamemsomesha harusini tu. Hata siku moja hawakumpeleka kwa shangazi zangu, mabingwa wa kukataa posa!

Kwetu posa ikikataliwa hakuna matusi. Sinia hurudi na kitambaa chake hakijafunuliwa. Nikainyanyua, nikairudisha mapajani kwa kompyuta.

"Salamu zimefika. Binti hatuna."

Mkeka umekuwa stesheni ya reli. Bwana harusi anapanda treni, amenuna, mkasi kwapani. Uzi unapiga kigelegele, unakimbilia mguuni kwangu. Kompyuta bado inaitazama sinia.

"Kumbe kukataa ni kutamu," inasema. Kisha inaanza. "Mbuzi na kitasa, hapana. Treni na reli, hapana."

Treni inatoka relini taratibu, inaomba radhi.

Kompyuta inanigeukia. "Wewe na usingizi, hapana."

Nikaamka.

Sebuleni Tunu alikuwa ameshika kichwa mbele ya kompyuta yake.

"Baba, umeigusa hii? Kila jozi ninayoiuliza, inajibu hapana!"

"Mimi, mstaafu wa watu? Hata kuifungua sijui."

Akanikazia macho. Nikaketi, nikauvuta mguu chini ya kiti, maana dole gumba lilikuwa likinitekenya, na pale palipokuwa na upara miaka yote, kitu cheupe kama punje ya mchele kilikuwa kimeanza kuchungulia.